Msimsingizie Mtoto

6 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, macho bado yanaona tundu la sindano na mashine yako ya kufumia masweta haijakugomea tena. Sisi hatujambo. Somo yako ametimiza miezi sita juzi, na wewe huna pa kujificha, maana amekuchukua kila kitu. Hapendi kubebwa na mgeni, hapendi kofia, na akishashiba anakukazia macho utadhani umemkosea. Baba yake anasema tulimpa jina, naye akachukua na ukali wa mwenye jina. Mimi nimesema afadhali.

Nimerudi kazini wiki ya tatu sasa. Meza yangu ni ileile ya dirishani, inayotazama barabara. Nilikuta visu vyangu vya kuchongea nta vimeazimwa vyote, na kimoja kinatumika kufungulia makopo. Nilipiga kelele mpaka vikarudi. Nilikuwa nimesahau raha ya kukaa na kinywa cha mtu nisiyemjua, umbo tupu la plasta mkononi, nikampangia jino bandia baada ya jino mpaka akawa na uso. Bosi wetu, tunayemwita Plasta kwa sababu hata harusini huenda na unga mweupe kwenye nyusi, ameniambia mwezi wa nne anataka mkuu wa meza ya kupanga meno, na ananifikiria mimi. Usimwambie mtu.

Maziwa ya mtoto nayakamulia stoo, katikati ya maboksi ya magego, nayaweka kwenye friji ya chai. Jumanne Plasta aliyatia kwenye kikombe chake. Mama Pacha, yule anayeng'arisha meno mwisho wa kazi, alimwacha anywe nusu ndipo akamwambia. Sasa friji ina rafu yangu peke yangu, imeandikwa jina kwa herufi kubwa.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Ulipokuja kumpakata mtoto nilikutazama ukicheka. Unaziba mdomo kwa kiganja. Tangu nikiwa mdogo nakuona hivyo, nikadhani ni adabu, na mimi nikaiga, nikawa nacheka nimeziba mdomo wangu wenye meno yote. Shangazi, mimi kazi yangu ni meno. Ni aibu kwangu wewe kukaa na pengo. Nimekuwekea vipande viwili vya nta. Viloweke kwenye maji ya moto hadi vilainike, uume kimoja taratibu, ukitoe, ukiache kipoe. Nataka kuona tu kwanza meno yako yanakutana vipi. Baadaye daktari wa huko atakuchukulia umbo kamili.

Nijibu kwa sanduku la posta la kazini, si la nyumbani. Na usinipigie. Simu yangu siku hizi inashikwa na watu wawili.

Mwanao,
Nukta


27 Februari

Nukta wangu,

Marahaba, marahaba sana. Mimi mzima, ila mgongo unanisema. Masweta ya shule tatu yamenikalia shingoni, na moja wamebadilisha rangi baada ya mimi kununua uzi. Baba yako, kaka yangu, goti lake bado, na ukimwambia aende hospitali anasema goti ni lake. Binamu yako, mwanangu fundi umeme, alitimiza miaka thelathini na mmoja wiki iliyopita, na kama kawaida yake aliniletea zawadi mimi. Yeye anazaliwa, mimi napewa redio. Kila mwaka ni hivyo. Anaiweka mezani, anasema, "Mama, hii ni kwa ile kazi uliyoiacha kwa ajili yangu," halafu anaondoka haraka kwa sababu hapendi kuonekana ana machozi.

Kwa daktari siendi. Sitaki kufunguliwa kinywa na kijana aliyezaliwa juzi. Lakini nta nimeiuma, ili usiseme nina kiburi. Ya kwanza niliilainisha kwenye kikombe cha chai nikaisahau, ikayeyuka yote, na kikombe kile hakifai tena. Ya pili niliuma mbele ya kioo, nikajiona nimekodoa macho kama mbuzi, nikacheka, ikatoka na alama mbili. Basi nikaipasha upya nikauma tena kwa heshima. Nimeifunga kwenye soksi isije ikavunjika njiani. Soksi nirudishie.

Lile pengo ni la siku nyingi, unajua, nilianguka ngazi. Halinisumbui kula.

Kuhusu ukuu wa meza, nakupongeza. Lakini mtoto wa miezi sita ni mtoto wa miezi sita. Mimi nilikuwa opareta wa simu pale kituoni, nchi nzima ilipita mikononi mwangu, mawaziri walikuwa wakiniambia "tafadhali dada". Nikaacha nikalea. Sikufa. Fikiria tu.

Na hiyo simu ya watu wawili, wa pili ni nani? Ulipokuwa msichana hata shajara yako ulikuwa unaikalia.

Nakubusu wewe na somo yangu.
Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Soksi iko hapa, imefuliwa.

Nimekaa na nta yako siku nne kabla ya kuandika. Nisamehe kwa ninayotaka kusema, lakini huwezi kumpa fundi kazi halafu ukataraji asiitazame.

Anayeanguka ngazi huangukia mbele. Huvunja meno ya mbele, hupasua mdomo, hukwangua kidevu. Tunaletewa wa namna hiyo, nawajua. Wewe meno ya mbele unayo yote. Yasiyokuwepo ni manne ya juu, ubavu wa kushoto, kuanzia chonge kurudi nyuma. Na taya la chini limehama. Mstari wa katikati wa juu na wa chini haikutani, na ukiuma unauma kwa pembeni. Taya hilo liliwahi kuvunjika na halikufungwa, likajiunga lenyewe lilivyotaka. Vinywa vya hivyo huwa tunapata viwili, vitatu kila mwezi. Vyote vya wanawake. Mama Pacha ana jina lake: anaviita vya mkono wa kulia, kwa sababu aliyesimama mbele yako akitumia mkono wa kulia anakupata kushoto.

Halafu nikakumbuka kitu kingine. Nyumba yenu ya zamani niliijua, nilikuwa nakuja likizo. Ilikuwa chumba, sebule na uwanja. Ngazi zipi, Shangazi?

Sikuulizi ili nikuumize. Naomba tu uniambie.

Plasta hajasema tena habari ya ukuu wa meza. Nilikosa kazi siku tano mwezi uliopita, mtoto alikuwa na homa. Na baba yake ana mtindo mpya. Unajua ni mwalimu wa udereva. Saa tisa anakuja na lile gari la mafunzo, anaegesha mkabala na dirisha langu, anapiga honi mpaka nitoke. Wakati mwingine mwanafunzi yuko ndani ya gari ameshika usukani, anaona haya kwa niaba yetu. Wanafunzi wake wote wanampenda. Wanasema hakuna mwalimu mwenye subira kama yeye.

Nukta


30 Machi

Nukta,

Marahaba. Wote wazima.

Ngazi za watu wengine. Nilikuwa nimewatembelea.

Sikukupa nta ili unisome. Tengeneza meno au usitengeneze.

Masweta yamekwisha. Mvua imeanza.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilitaka nikununie, nikajaribu mwezi mzima, sikuweza. Natumaini goti la baba na mgongo wako vinaelewana. Somo yako ana meno mawili ya chini, yamenyooka, nimeyakagua mwenyewe. Anatambaa kinyumenyume, akitaka kuja kwako anazidi kwenda mbali, halafu anakasirika.

Samahani kwa mwandiko. Niliteleza bafuni nikaumia mkono.

Nataka ushauri, na sina mwingine wa kumwuliza. Jumatatu Plasta aliniita ofisini. Alinivutia kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nikajua kuna neno. Akasema yeye ni baba pia, anaelewa. Akasema honi inawasumbua wateja. Akasema nimekosa siku kumi na tisa tangu nirudi, na ukuu wa meza amempa mwenzangu, msichana mzuri, hana mtoto. Halafu akanisogezea karatasi iliyokwisha kupigwa chapa: "Ninaacha kazi kwa hiari yangu ili nimlee mtoto wangu." Chini kuna mstari wa kusaini. Anasema nikiondoka hivyo atanipa barua nzuri ya sifa, hakuna atakayeniona vibaya, maana hakuna anayemlaumu mama. Nina mpaka mwisho wa mwezi.

Siku kumi na tisa, Shangazi. Za homa ya mtoto ni nne. Nilizihesabu usiku nikimnyonyesha. Nne tu. Kila nilipochelewa nilisema mtoto. Kila nilipovaa mikono mirefu nilisema mtoto kanitapikia. Nilimtumia kama mwavuli, na sasa naambiwa nimfuate huko nilikomsukumia.

Mwenzangu wa nyumbani anasema nisaini. Anasema kwa upole sana, ananishika bega lile zima. Wewe uliacha kazi ukalea, hukufa, uliniandikia. Niambie ukweli, nisaini?

Nukta


20 Mei

Mwanangu,

Salamu baadaye.

Nimeandika barua nne nikazichana. Ya kwanza ilisema saini, kazi zipo, mtoto hakui mara mbili. Niliisoma kwa sauti nikasikia sauti ya msimamizi wangu wa kituo cha simu, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, Mungu amsamehe, mimi bado. Nikaichana. Hii ya tano naipeleka posta na viatu vya nyumbani kabla sijabadili mawazo.

Bafuni. Mimi ngazi, wewe bafu. Yaani hata uongo tunarithishana. Mwandiko wako umelalia upande mwingine, herufi zimetawanyika kama za darasa la kwanza. Umeandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kulia haushiki kalamu, na wewe ni mtu wa kuchonga nta kwa mkono wa kulia. Alijua anapiga wapi.

Umeniuliza ngazi zipi. Hazikuwepo. Nyumba ile haikuwa na hata kizingiti cha kujikwaa. Ndugu wote waliingia mle wakaniona uso umevimba, wakaambiwa ngazi, wakasema pole, wakanywa chai, wakaaga. Hakuna aliyegeuza shingo kuzitafuta. Mtu wa kwanza kuuliza ngazi ziko wapi ni wewe, na umeuliza baada ya miaka thelathini na moja, na mimi nikakutukana. Nisamehe.

Ilikuwa hivi. Binamu yako alikuwa na miezi mitano. Nilikuwa zamu ya mchana, nimevaa visikizio, waya mkononi, na kila aliyetaka kuzungumza na mtu wa mbali alinipitia mimi. Marehemu mume wangu alikuwa hapendi hiyo "tafadhali dada". Alitaka kujua ni nani aliyeisema na kwa nini nilijibu kwa kucheka. Siku moja nilirudi nimechelewa robo saa. Sitaandika zaidi, umeshaiona kwenye nta.

Taya lilipojiunga nilirudi kazini. Lakini meno yale ya ubavuni yalikuwa yakiishikilia sauti, mimi sikujua. Kila nikisema "samahani, subiri" ilitoka na mluzi. Watu wakalalamika hawanisikii vizuri. Msimamizi akaniita ofisini, akanivutia kiti. Akanisogezea karatasi. Nimekufungia nakala yake humu. Isome, halafu uisome ile ya kwako.

Nilisaini. Baba yako ndiye aliyenipa kalamu, kwa hiyo usimwambie yako kwa sasa, atakwambia uvumilie kama alivyoniambia. Nilikaa nyumbani na marehemu miaka kumi na minane, hadi alipokuwa marehemu kweli. Sikufa, nilikuandikia hivyo. Ni kweli sikufa. Lakini usiku nilikuwa nikiunganisha simu kichwani, mji hadi mji, ili nilale.

Na mwanangu wa kumzaa amekua akijua alimwachisha mama yake kazi. Sikuwahi kumwambia kinyume. Ilikuwa rahisi, alikuwa mtoto, hakuweza kubisha. Unafikiri zile redio zinanifurahisha? Kila moja nikiiwasha naona haya.

Basi sikiliza. USISAINI. Ukitaka kuacha kazi siku moja, acha kwa sababu umechoka na meno ya watu, si kwa sababu ya karatasi ya uongo yenye mtoto ndani. Mtoto hajakuvunja mkono. Nenda hospitali, waandike kilichotokea, kisha nenda polisi na karatasi hiyo. Kama kuna mahali pa kulala nje ya nyumba ile, lala huko leo. Kama hakuna, panda basi uje, nina vyumba viwili na redio saba.

Jambo la mwisho. Jana nilikwenda kwa daktari wa meno. Ni kijana kweli, ana chunusi. Alinijaza ule uji wa rangi ya waridi wa kuchukulia umbo mdomoni, nikakaa nimekodoa macho mpaka ukaganda. Akauliza, "Mama, ulianguka?" Nikamwambia hapana. Hakuuliza tena, akaniletea maji. Nilirudi nyumbani bila kumsalimu mtu, na mama wa duka la kona aliniuliza kama nimefiwa. Umbo la plasta liko kwenye boksi hili, nimelifunga soksi mbili.

Shangazi yako, aliyekuwa opareta


2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Naandika nikiwa kwa Mama Pacha. Tupo mimi, somo yako, Mama Pacha na hao pacha wake, ambao wana miaka kumi na minne na wanabishana hata usingizini. Tulihama Jumapili mchana, baba wa mtoto akiwa kazini. Nilichukua nguo za mtoto, vyeti vyangu, na visu vyangu vya nta ambavyo nilikuwa nimevileta nyumbani kuvinoa. Hospitali waliniandikia, mfupa wa kifundo cha mkono umepasuka, nimefungwa plasta hadi kiwiko. Mimi, wa kukoroga plasta maisha yangu yote, leo nakorogewa. Polisi nilikaa saa tatu kwenye benchi. Askari wa kwanza aliniuliza kama nyumbani kuna mtoto, nikasema yupo, akasema basi rudini mkayamalize. Nikamwambia nitamsubiri askari wa pili. Wa pili aliandika.

Sasa ofisini. Siku ya mwisho ya mwezi Plasta aliniita, akanivutia kile kiti. Sikukaa. Nilimwambia na mimi nimeleta karatasi yangu. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wa kushoto, mbaya kuliko barua, lakini inasomeka: "Mimi, mwenye karakana, ninamwachisha kazi fundi wangu wa kupanga meno kwa sababu mumewe anampiga na anakuja kupiga honi hapa." Chini nikaweka mstari wa kusaini, na jina lake.

Nikazilaza mbili hizo mezani, sambamba. Nikamwambia, "Ukisaini yako, na mimi nitasaini yangu."

Alisoma mara mbili. Akatoa kalamu. Akairudisha mfukoni. "Siwezi kuweka jina langu hapa," akasema.

"Na mimi siwezi kuweka langu pale."

"Lakini si kweli kwamba namwachisha mtu kazi kwa sababu ya kupigwa. Mimi si mtu wa hivyo."

"Basi niambie ni sababu gani. Siku kumi na tisa unazo kwenye daftari. Nionyeshe za mtoto."

Daftari hakulifungua. Hapo ndipo nilipotoa ya tatu, yako, ya miaka thelathini na moja, imekuwa ya manjano kwenye mikunjo. Nikaiweka kando ya ile aliyoiandika yeye. Shangazi, ni sentensi ileile. Neno kwa neno. Hata "hiari yangu" iko palepale. Aliinua moja, akainua ya pili, akauliza hii ni ya nani. Nikamwambia ni ya shangazi yangu, ndiye mwenye kile kinywa kilichopo mezani kwangu, cha mkono wa kulia.

Akavua miwani. Unga wote ulikuwa machoni. Akasema, "Nilidhani nakusaidia." Nilimwamini, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilimwambia kama anataka kusaidia, amwambie mlinzi gari lile lisiegeshwe kwenye lango letu, aniache nikae na mkono wangu hadi upone, na achane na mtoto wangu, hajamkosea kitu. Nilisema kwa sauti. Mashine ya kung'arishia ilikuwa imezimwa, nadhani Mama Pacha aliizima makusudi, karakana nzima ilisikia.

Karatasi yake alichana mwenyewe. Yangu akaniomba ichanwe pia. Nimekataa. Iko kwenye droo yangu, chini ya visu.

Jana gari la mafunzo lilikuja saa tisa. Honi. Mimi sikuinua kichwa. Aliyetoka ni Plasta, na aproni yake, akaenda hadi kwenye dirisha la mwalimu. Sikusikia yote. Mlinzi anasema alimwambia, "Hapa hatufundishi udereva." Kijana aliyekuwa kwenye usukani akaondoa gari bila kuambiwa, vizuri kabisa, hata taa ya ishara aliwasha.

Usidhani yamekwisha. Ukuu wa meza bado ni wa mwenzangu. Nimeandika kwamba Desemba nitauomba tena, na nitauomba. Kesi itatajwa mwezi wa saba. Mume wangu ananitumia watu wenye maneno matamu, kila mmoja anaanza na "mtoto anahitaji". Nimewazoea, nawaacha wamalize sentensi, ndipo nawauliza mtoto alitaka niende wapi na mkono huu.

Mkono ukifunguliwa, kazi ya kwanza ni wewe.

Nukta


11 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Haya, fungua boksi taratibu.

Plasta ya mkono ilitolewa wiki tatu zilizopita. Vidole vilikuwa vigumu, wiki ya kwanza niliharibu nta mara sita, nikalia stoo na magego. Ya saba ikakubali. Meno manne, rangi nimeichagua ya umri wako, usije ukaonekana umeazima ya msichana. Taya siwezi kulirudisha, hilo lilishajiunga. Kwa hiyo nimeyapanga yafuate linavyouma sasa, si lilivyokuwa zamani. Utayasikia mageni siku kumi. Usiyavue kwa hasira.

Kesi imeahirishwa mara mbili. Nitakwenda na ya tatu.

Somo yako amesimama. Sekunde nne, kwa kushika ndoo. Soksi zote tatu zimo humu, pamoja na karatasi yako ya kituo cha simu.

Nukta


30 Agosti

Nukta wangu,

Marahaba, mwanangu, wewe na mikono yako yote miwili.

Siku ya kwanza nilihisi nimeweka kiatu mdomoni. Siku ya pili niliyavua nikayafokea. Siku ya tano nilikuwa naongea na uzi wangu, nikasikia kitu, nikanyamaza. Nikarudia. "Samahani, subiri, nakuunganisha." Hakuna mluzi. Nilisimama katikati ya chumba nikasema tena na tena, mji hadi mji, majina yote ya vituo niliyokuwa nayo kichwani. Mama wa duka la kona aligonga kuuliza nina mgeni gani. Nikacheka mbele yake, mikono iko kiunoni. Alinitazama mdomo, halafu akacheka na yeye.

Jumamosi binamu yako alikuja kurekebisha swichi ya jikoni. Nilimwambia ashuke kwenye kiti kwanza. Nilikuwa nimejitayarisha hotuba, ikapotea yote, basi nikamwonyesha ile karatasi, nikamwambia ni ya uongo, nikamwambia kwa nini. Nilimtaja baba yake kwa kitendo chake. Sikusema ngazi. Alikaa sakafuni na bisibisi mkononi, mwanaume mzima mwenye ndevu.

Halafu akauliza, "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

Nikamwambia, kwa meno yote, neno likatoka zima, "Haikuwa wewe. Haikuwa wewe hata siku moja."

Alilia, Nukta. Sikujua mtu anaweza kuwa na machozi ya miaka mingi hivyo. Alipomaliza alitengeneza swichi, akaiwasha na kuizima mara kama kumi, akaniambia sitaletewa redio tena. Nikamwambia naomba mashine ya pili ya kufumia badala yake, nimeona mwanamke wa kumwajiri, ana mtoto mchanga na jicho lililovimba, na hajasema kitu, na mimi sitamwuliza hadi awe tayari. Atakaa na mtoto wake hapahapa, kwenye kikapu cha uzi.

Mwezi wa tisa nakuja, kesi ikitajwa mara ya tatu. Nitakaa benchi la mbele, na wakiniuliza mimi ni nani nitajibu kwa sauti ya kituo cha simu, hata wa nyuma wasikie. Baba yako nimemweleza yote, yako na yangu, amesema atakuja na mimi. Hakusema zaidi, lakini amekwenda hospitali na goti lake ili aweze kupanda basi.

Na somo yangu mwambie leo. Usisubiri akue. Mpakate, mtazame yale macho yake ya kukukosoa, umwambie mama yake anakwenda kazini, na siku zote zile kumi na tano alizosingiziwa haikuwa yeye.

Shangazi yako